Mjadala: Gemu imeshinda tuzo, laibrari ya bure haikutajwa. Ni haki?

Kipanga wa Sinza:
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nilikuwa kwenye ukumbi mmoja Kijitonyama, mashindano ya gemu za vijana. Iliyoshinda ni ile ya daladala ya Mbagala–Kariakoo: unapakia abiria, unakwepa trafiki, unakimbizana na mwendokasi. Gemu nzuri, sina neno nayo. Ila jaji aliuliza kuhusu injini, yaani programu ya ndani inayoiendesha gemu: "Injini mmeitoa wapi?" Kijana akajibu, "Kila kitu tumeandika wenyewe." Nilikuwa nimekaa mstari wa pili, nimesikia kwa masikio yangu. Wiki mbili kabla niliiona gemu hiyohiyo ikifunguka na kile kimraba cheupe chenye mpaka mweusi na neno raylib. Siku ya mashindano hakikuwepo.

Raylib ni laibrari ya bure, yaani msimbo ulioandikwa tayari ambao mtengeneza gemu anajengea juu yake. Ni kazi ya Ramon Santamaria wa Barcelona. Aliianza 2013 akiwa anafundisha wanafunzi wa upande wa sanaa ambao hawajawahi kuandika programu, akataka kitu kisichowatisha. Mpaka leo hatozi mtu hata senti. Vijana wetu wamepewa ngao, hundi na makofi, na jina lake halikutamkwa. Nauliza: tasnia ina deni gani kwa mtu kama huyu? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Mzee wa Pikseli:
Kaka Kipanga, umekwenda mbali. Mtu akijenga ghorofa haandiki ukutani jina la aliyetengeneza nyundo. Laibrari ni nyundo. Mwenyewe ameitoa bila masharti, sasa wewe unamdaia nini? Tukianza kugawa tuzo kwa kila chombo tutaharibu hata hao wanaojitolea, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na tuambiane ukweli, laibrari za bure ni za kujifunzia. Mwenye kazi ya maana analipia injini.

Bando Limeisha:
"Kazi ya maana"? Mzee, shikamoo, lakini hapo umenigusa pabaya. Natumia laptopu ya mtumba niliyonunua Kariakoo, RAM 4GB. Injini kubwa kuipakua tu ni GB kadhaa, bando la wiki linaisha haijafika nusu, na ikifunguka feni inalia kama mashine ya kusaga. Laibrari ya bure ni MB chache, naihamisha kwa flashi. Gemu ya Balatro imeandikwa kwa LÖVE, chombo cha bure kabisa cha kuandikia gemu, na mwaka 2024 imebeba tuzo tatu za The Game Awards. Hiyo nayo si kazi ya maana?

Dada Mantiki:
Naomba turudi kwenye neno "bila masharti", kwa sababu si kweli. Raylib iko chini ya leseni ya zlib. Ni fupi, unaisoma daladala ikiwa kwenye taa nyekundu. Inasema kumtaja mwandishi kwenye maelezo ya bidhaa kutathaminiwa, ila si lazima. Hapo Mzee yuko sahihi. Lakini sharti la kwanza linasema usipotoshe asili ya programu, usidai kwamba wewe ndiye uliyeiandika. Kwa hiyo kunyamaza kunaruhusiwa. Kusimama mbele ya jaji na kusema "kila kitu tumeandika wenyewe" hakuruhusiwi. Swali ni hilo, siyo nyundo.

Mzee wa Pikseli:
Marahaba Bando. Sikukutukana kijana wangu. Na mimi nilianzia kwenye mashine ambayo simu yako inaicheka. Ninachosema, dunia ndivyo ilivyo. Nenda Keko. Fundi anachonga kabati, duka la mjini linalichukua, linabandika kibandiko chake, mteja anabeba. Hakuna anayelia.

Mtoto wa Keko:
Hakuna anayelia? Umemuuliza nani, Mzee? Baba yangu amechonga Keko tangu sijazaliwa. Kifua chake kinakohoa vumbi la mninga mpaka sasa. Kuna duka moja lilichukua kwake seti ya sofa, tukaja kuikuta dirishani ina bei mara tatu, na kijana wa dukani anatuambia imetoka nje ya nchi. Mzee alisimama pale akiishika mkono ile sofa, hakusema kitu. Hakulia, ndiyo. Usiseme haikumuuma.

Mzee wa Pikseli:
Pole kwa hilo, nasema kwa moyo. Lakini baba alilipwa alichotaja. Biashara ikaishia hapo.

Mtoto wa Keko:
Alilipwa! Sasa huyo wa Barcelona hakulipwa hata hicho. Mfano wako mwenyewe unakupiga.

Fundi Bomba:
Mninga gani Keko siku hizi? Nimenunua kitanda mwaka jana, naambiwa mninga, mvua moja ya masika rangi imetoka, ndani ni paini tupu.

Mtoto wa Keko:
Ulinunua kwa dalali, hukununua kwa fundi. Fundi anakukatia kipande anakupa unuse. Usichafue watu kwa kosa la dalali.

Fundi Bomba:
Sijachafua mtu, nimetaja kitanda changu.

Kipanga wa Sinza:
Jamani, kitanda kitapata mjadala wake. Narudi kwenye tuzo. Mnaikumbuka Angry Birds? Wale ndege wanavyoruka na mbao kuporomoka, hesabu yake inafanywa na Box2D, laibrari ya bure ya Erin Catto. Jina lake halikuwekwa. Kwenye GDC, mkutano wa watengeneza gemu, nadhani 2012, alisimama wakati wa maswali, akawauliza wenye Angry Birds wanatumia injini gani ya fizikia. Wakajibu Box2D. Akauliza kama wangekuwa tayari kuitaja kwenye gemu yao. Wakakubali. Ndipo akajitambulisha kwamba ndiye aliyeiandika. Gemu inachezwa dunia nzima, na mwenyewe anasimama kwenye foleni ya maikrofoni kuomba mstari mmoja!

Dada Mantiki:
Ni 2011, siyo 2012. Na Box2D yenyewe ilitokana na somo alilotoa GDC mwaka 2006, msimbo wote ukawekwa wazi kwa kila mtu 2007. Na jarida la Game Developer liliipa Lua tuzo yake ya Front Line ya mwaka huohuo wa 2011, upande wa zana za programu. Lua ni lugha ya bure ya kuandikia programu, imezaliwa chuo kikuu Rio de Janeiro mwaka 1993. Brazili, siyo California. Kwa hiyo Mzee, tasnia ikitaka kutambua zana inaweza, na tembo halikutiwa maji. Lua inaendelea kuboreshwa hadi leo.

Mzee wa Pikseli:
Hilo la Lua sikulijua, nimelipokea. Lakini tuzo hizo ni za majarida makubwa huko. Sisi hapa hata gemu hatuna za kutosha, tunaanza kugombania shukrani.

Bando Limeisha:
Mzee kila mara "sisi hapa". Sisi hapa ndio tunaotumia vya bure kuliko wengine wote. Wa kwanza kushukuru tungepaswa kuwa sisi.

Kondakta:
Nimesoma kimya toka juu. Mimi ndiye niliyemjibu jaji. Kimraba nilikitoa mimi, ni mstari wa kubadilisha na kukompaili upya tu. Kaka Kipanga, umenifanya mwizi mbele ya watu, basi nisikilize na mimi.

Mwaka jana rafiki yangu aliingia mashindano hayohayo akasema ukweli, kwamba ametumia injini ya bure. Jaji mmoja akamwambia, "Kwa hiyo hii umepakua." Raundi ya kwanza, nje. Ameacha kuandika programu, sasa anauza vifaa vya simu. Fomu ya kujiandikisha ina swali: "Je, kazi hii ni yako kwa asilimia 100?" Kuna kiboksi cha Ndiyo na cha Hapana. Ukiweka Hapana umebaki nyumbani. Abiria wanavyoning'inia mlangoni, konda anavyopiga bati, foleni ya Tazara, hivyo vyote ni vyangu, miezi mitatu ya usiku, umeme ukikatika nasubiri. Nilipoulizwa niliogopa kunyang'anywa hivyo. Ndiyo sababu.

Kipanga wa Sinza:
Kondakta, nilikuandika kwa hasira na sikujua habari ya rafiki yako. Neno mwizi sikulitumia, lakini naona jinsi lilivyofika. Samahani ndugu yangu. Bado nasema ulikosea kusema "wenyewe".

Mzee wa Pikseli:
Hapo sasa. Tatizo ni majaji. Mtu asiyejua tofauti ya laibrari na gemu iliyopakuliwa anakaa vipi mezani?

Dada Mantiki:
Majaji wana lao, nitaliandikia kamati. Lakini sharti la kwanza halina kifungu cha "isipokuwa jaji haelewi". Kondakta mdogo wangu, ungesema: "Kuchora kwenye skrini na kupiga sauti ni raylib, gemu ni yetu." Ni sentensi moja. Jaji akishindwa kuielewa, aibu ni yake, na sisi ukumbini tungesimama na wewe.

Kondakta:
Dada, ni rahisi kusema ukiwa kwenye kiti. Ila nimekuelewa. Toleo la simu halijatoka bado, kimraba kitarudi na jina litakuwepo kwenye ukurasa wa shukrani.

Mtoto wa Keko:
Mzee wa Pikseli, bado hujanijibu kuhusu "hakuna anayelia".

Mzee wa Pikseli:
Nimekosea, mwanangu. Msalimie baba.

Bando Limeisha:
Mimi naingia mashindano ya mwakani. Kondakta, hiyo fomu ina nafasi ya maelezo?

Kondakta:
Haina. Karatasi moja, viboksi vitupu.

Dada Mantiki:
Igeuze, andika nyuma.