Luther: The Fallen Sun, kwa sisi tulioanza na tamthilia ya 2010: imefikia kiwango?

BintiChumbageni:

Wadau wa muvi za upelelezi, nina swali kwa wanaoijua vizuri Luther, ile tamthilia ya Uingereza ya mpelelezi John Luther. Nitataja mambo mpaka ya mwisho, kwa hiyo ambaye hajaiona apite kando kwanza.

Shemeji yangu kaangalia The Fallen Sun, ile iliyoingia Netflix Machi 2023, bila kugusa tamthilia hata kidogo. Alipomaliza akaniambia, "Muvi iko vizuri, ila huyu Luther wenu mnayemsifu mbona polisi wa kawaida tu? Koti na ngumi." Iliniuma. Nikamwambia aliyemwona si Luther mzima. Akaniuliza, basi kilichopungua ni nini? Jibu lililonijia mdomoni ni lile la mashabiki wengi, kwamba Alice Morgan wa kwenye tamthilia hayumo. Lakini kila nikilifikiria naona halitoshi.

Kwa ambao hawakuwepo: BBC walianza kuirusha 2010. Dakika za mwanzo kabisa John Luther anamkimbiza Henry Madsen, mtekaji na muuaji wa watoto, ndani ya kiwanda kilichotelekezwa. Madsen anaishia kuning'inia juu, vidole vinateleza. Luther anamhoji akiwa katika hali ile ile mpaka anasema mtoto kamficha wapi. Simu inapigwa, mtoto kapatikana mzima. Madsen anaomba ashikwe mkono. Luther anamwangalia tu, mpaka anaanguka.

Yaani steringi tunatambulishwa kwake kwa jambo ambalo askari hatakiwi kulifanya, na sisi tuliokaa kwenye kochi tulitaka alifanye. Ndiyo maana niliganda. Na mwandishi, Neil Cross, hakuliacha lipite bure. Madsen hakufa pale, alibaki hospitali hana fahamu, na kila mtu akawa anasubiri akiamka atasema nini. Alice Morgan, yule binti msomi aliyewaua wazazi wake na kuificha bunduki ndani ya mwili wa mbwa wao, akaijua siri ile na kuitumia kumsogelea Luther. Mkewe, Zoe, akauawa na Ian Reed, rafiki wa Luther ndani ya polisi. Msimu wa tatu Ripley, kijana mwaminifu kuliko wote pale kituoni, akapigwa risasi. Kila alipoikanyaga sheria, kuna mtu wa karibu yake aliumia. Hiyo ndiyo tamthilia niliyoipenda, na wauaji wa kutisha walikuja juu ya hilo.

Sasa nije kwenye muvi. David Robey, anayeigizwa na Andy Serkis, anadukua simu na kompyuta za watu, anakusanya aibu zao, kisha anawatumikisha kwa kitisho cha kuzianika. Anamwogopa Luther, kwa hiyo anaanika madhambi ya Luther mwenyewe, Luther anafungwa. Jamani, hili ni wazo kubwa! Mtu anayeishi kwa siri za wengine anagusa siri za mtu mwenye siri kuliko wote. Ningekaa saa mbili nzima kutazama hilo tu. Nilitaka kumwona Luther mbele ya hakimu, aulizwe habari za Madsen, aulizwe juu ya wote waliokufa kwa sababu yake. Badala yake jambo lote linapita haraka kama taarifa ya habari, mara tuko gerezani, mara anapigana apate kutoroka. Na anaendelea kupendwa na kuaminiwa kana kwamba yaliyoanikwa hayakuwa ya kweli. Yalikuwa ya kweli!

Isitoshe, msimu wa tano uliisha 2019 akiwa na pingu mikononi, bosi wake Schenk ndiye kamkamata, Alice kaanguka mbele ya macho yake. Nilisubiri miaka minne kuona kesho yake. Muvi haikunionyesha. Imefungua njia nyingine ya kumpeleka jela na ya kwanza ikaachwa hapo hapo.

Mazuri yake nayakubali. Ile simu ya usiku anayopigiwa Callum mwanzoni ni Luther kabisa: kijana wa kawaida, sauti ya upole upande wa pili, na wewe unajua hatarudi. Dermot Crowley kama Schenk hajawahi kuniangusha. Cynthia Erivo kama Odette Raine, askari anayemsaka Luther, ana macho ya mtu asiyedanganyika. Ila nikitoa marks, naipa sita ya kumi, na msimu wa kwanza naupa kumi.

Je, ninaionea? Na huyu shemeji nimwanzishie wapi ili aelewe?

KakaNyali:

Dada, waionea. Mimi nilianza na muvi kisha nikarudi kwenye tamthilia, kwa hiyo naongea kutoka upande wa shemeji yako.

Tamthilia ilikuwa na misimu mitano, sehemu ishirini kwa jumla: sita, nne, nne, mbili, nne. Muvi ina saa mbili na dakika tisa. Huwezi kuitaka ibebe mzigo wa sehemu ishirini na bado imweleze mtu kama mimi, ambaye sikumjua Madsen wala Zoe, kinachoendelea. Wangeanza na kesi mahakamani na majina ya watu niliokuwa siwajui, ningezima.

Na nakwambia kitu walichokifanya vizuri kuliko tamthilia yenyewe: hofu ya sasa. Zamani muuaji wa Luther alijificha chini ya kitanda, msimu wa tatu, yule mama anaingia nyumbani kwake usiku na jamaa yuko mvunguni. Inatisha, sikatai. Lakini ukishachungulia mvunguni na hakuna mtu, walala. Robey yumo ndani ya simu, na simu ndiyo unalala nayo. Pale Piccadilly Circus, katikati ya London, watu wanapojirusha kutoka juu ya majengo kwa sababu tu ya kitu alichonacho juu yao, mimi nilisimama. Hakuna aliyewasukuma. Ni aibu ndiyo iliyowasukuma. Mwandishi aliyeandika hilo bado ana kichwa kile kile cha 2010.

Wewe wasema Luther hakulipa. Alifungwa, alidungwa kisu, na alizama chini ya barafu. Wataka alipe nini tena?

Msomaji_wa_Gamba:

Nimewasoma wote wawili. Mimi ni mtu wa vitabu zaidi kuliko muvi, niliyelelewa na Willy Gamba wa Elvis Musiba, kwa hiyo niruhusuni niingilie hapo.

Willy Gamba ukimtoa Dar es Salaam ukampeleka Nairobi katika Kufa na Kupona, au Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi, hapungui kitu. Ni jasusi. Kazi yake ni kushuka uwanja wa ndege, kuvaa vizuri, kutomwamini mtu. Kila kitabu kinaweza kuwa na mji wake na msomaji anafurahi.

Luther si mtu wa aina hiyo. Ni askari wa London anayepeleleza mauaji, ana gari lake chakavu la Volvo, koti lile lile la kijivu, tai nyekundu, na watu anaowajua mitaa ile ile. Nguvu yake ni kwamba hana pa kukimbilia. Muvi inapomchukua na kumpeleka Norway kwenye jumba katikati ya theluji, kwenye mtambo wa kuonyesha mateso mtandaoni kwa watu wanaolipia, imemvua kazi yake na kumvika ya jasusi. Tazameni na mwisho: watu wa serikali wanakuja kumwona, na tunaachiwa tuhisi kuna kazi watakayompa. Idris Elba, anayemwigiza Luther, amekuwa akitajwa kwa miaka mingi kwamba angefaa kuwa James Bond. Mimi naona muvi hii ilitaka kuwapa watu ladha hiyo, na ladha hiyo haiendani na mtu huyu.

Kwa hiyo Binti, kilichopungua kwa maoni yangu ni mji.

Upo_Barking:

Kuhusu mji naomba niseme, maana ndiko ninakoishi.

Nilichokipenda kwenye tamthilia ni kwamba ilionyesha London ninayoijua: ngazi za maghorofa ya halmashauri zenye taa mbovu, njia za chini ya barabara unazopita ukiharakisha, maduka yaliyofungwa, mvua ya saa kumi na moja jioni kiza kishaingia. Msimu wa tano kuna mauaji kwenye basi la usiku, ghorofa ya juu. Mimi natoka kazini kwa mabasi hayo. Kwa muda mrefu baada ya sehemu ile nilikaa chini karibu na dereva, na wenzangu kazini walikuwa hivyo hivyo.

Piccadilly Circus ni mahali pa kupigia picha wageni wakija. Sisi wa huku tunapapita tu tukibadilisha treni. Tukio la pale ni kubwa na limepigwa vizuri, na Kaka Nyali ana haki kusema linatisha. Lakini halikunifuata nyumbani. Lile la basi lilinifuata mpaka mlangoni. Watu wanasema muvi ina pesa nyingi kuliko tamthilia na inaonekana. Kweli inaonekana, na hapo ndipo iliponipoteza.

Ila mkimbizano wa kuteremka kwenye reli za chini ya ardhi ni mzuri, hilo nalitetea. Pale Luther anachoka kama mtu, anapumua kama mtu.

Fundi_Ilemela:

Mimi nijibu swali la mwisho tu. Shemeji mwanzishie msimu wa kwanza, sehemu ya kwanza. Usimrukishe wala usimchagulie zilizo nzuri. Akifika sehemu ya sita, ile ya Ian Reed, hatakuuliza tena kilichopungua. Msimu wa nne una sehemu mbili tu na ndio dhaifu kwangu, huo aangalie kwa ajili ya mpangilio.

BintiChumbageni:

Asanteni sana, mmenisaidia kuliko nilivyotarajia.

Upo_Barking, neno lako la "halikunifuata nyumbani" ndilo nililokuwa nalitafuta. Msomaji_wa_Gamba, hoja ya ujasusi sikuwa nimeiona, na sasa naiona hata kwenye gereza: anavyotoroka katikati ya vurugu, watu wa kukodi wakimsubiri nje. Luther wa zamani angetoka kwa kumwomba mtu mmoja anayempenda avunje sheria kwa ajili yake, na mtu huyo angeharibikiwa.

Kaka Nyali, ninakuheshimu, na la aibu inayowasukuma watu nimelipokea. Lakini kuhusu kulipa sitakubali. Kisu na barafu ni maumivu ya mwili. Steringi yeyote wa muvi yoyote anadungwa na anapona. Malipo ya Luther yalikuwa ni kumtazama usoni mtu anayemjua na kushindwa kujieleza. Zoe alimjua. Ripley alimjua, na alilazimishwa na wakubwa wamchunguze. Alice alimjua kuliko wote, tena alifurahia alichokijua, ndiyo maana alitisha. Kwenye muvi Raine hamjui, Robey amesoma tu faili lake. Amebaki Schenk peke yake, na angalia: kila Schenk akiingia, muvi inakaa sawa. Mzee amestaafu, anaulizwa habari za Luther, na usoni mwake kuna upendo na kuna kumbukumbu ya mambo aliyoyaona. Kwa hiyo nimepata jibu la shemeji. Kilichopungua ni watu wanaomjua. Alice alikuwa mmoja wao.

Hata hivyo sita yangu naipandisha iwe sita na nusu, kwa ajili ya simu ya Callum na treni za chini ya ardhi.

KakaNyali:

Nusu moja! Haya, nashukuru. Ila hilo la Ripley kulazimishwa kumchunguza nimelikumbuka sasa hivi ulipolitaja, na kweli lilinichoma. Swali moja: wasema Robey hakumjua Luther. Lakini Alice naye siku ya kwanza hakumjua. Walikutana chumba cha mahojiano kama wageni.

BintiChumbageni:

Ni kweli, na ndiyo maana nakuomba urudi kwenye chumba kile kile, sehemu ya kwanza. Meza moja, watu wawili. Luther anapiga miayo makusudi. Kwa hesabu yake, mtu mwenye huruma akiona mwenzake anapiga miayo, na yeye hupiga. Alice hapigi. Hapo hapo Luther anajua kakaa na nani, na Alice anajua kwamba ameshajulikana, kisha anaanza kumrudishia, anamchungulia ndani ya ndoa yake mpaka Luther ndiye anayekosa raha. Hakuna aliyenyanyua mkono, hakuna theluji, hakuna moto. Ndani ya dakika chache wamejuana kwa miaka iliyobaki.

Kisha tafuta kwenye muvi Luther na Robey wanakaa wapi namna ile. Ukiipata hiyo sehemu niandikie dakika yake hapa, nitaiangalia usiku huu huu.