Kaka yangu hakuwahi kulalamikia mkojo: je, nikapime tezi dume nikiwa sina dalili?

Mwalimu wa Kilosa

Wakuu, habari za jioni, na wazee wangu shikamooni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri wangu ni miaka 56, na nimeamua kuandika baada ya kumzika kaka yangu mkubwa, aliyefariki akiwa na miaka 64 kwa saratani ya tezi dume iliyokuwa imekwisha kuingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo kabla hata jina la ugonjwa huo halijatajwa nyumbani kwetu.

Kinachonisumbua ni kwamba kaka hakuwahi kulalamikia mkojo. Sote tumesikia kuwa mwenye tezi dume huamka mara nne usiku, husimama chooni muda mrefu na mkojo hutoka kwa kudondoka, lakini yeye alilala usiku kucha kama kijana. Aliumwa mgongo tu. Alisema umetokana na gunia la mahindi alilolibeba vibaya wakati wa mavuno, na kituo alichokuwa akitibiwa kilimwandikia dawa za maumivu kwa zaidi ya mwaka mmoja bila kumpima kitu kingine chochote. Tulipokuwa tukigawa nguo zake baada ya arobaini, nilikuta kwenye mfuko wa koti lake pakiti kumi na moja tupu za diklofenaki, zimefungwa kwa mpira kama noti. Shemeji alinieleza kuwa alikuwa akizitunza ili azioneshe duka la dawa, asije akauziwa aina nyingine.

Mimi sina dalili yoyote. Mke wangu anasisitiza nikapime, ila mdogo wetu wa mwisho, mwenye miaka 51, anasema kupima ni kuuita ugonjwa na kwamba mtu mzima hawezi kwenda kuvuliwa suruali mbele ya vijana. Naomba ushauri wa waliopitia haya: je, ni busara mtu asiye na dalili kwenda kupima? Kipimo cha damu kinatosha, au kile cha kidole hakikwepeki? Na nikikutwa nao, je, ndiyo mwisho wa nguvu za kiume?

Mzee wa Kibosho

Marahaba mwalimu, na pole sana kwa msiba. Nina miaka 71 na nimeishi na ugonjwa huu kwa miaka minane, hivyo nitakueleza mambo yalivyokuwa bila kuyapamba.

Mimi pia sikuwa na dalili. Nilimsindikiza jirani yangu kliniki ya presha, nikakuta siku hiyo wanapima tezi dume kwa wanaume wa miaka 50 na kuendelea, nikajiunga na foleni kwa sababu tu benchi lao lilikuwa kivulini. Kipimo cha damu, kinachoitwa PSA, kilisoma 11, namba iliyo juu. Ama kuhusu kidole, ambacho ndicho kinachowakimbiza wengi, unalalia ubavu wa kushoto, unakunja magoti kuelekea kifuani, daktari anavaa glavu yenye mafuta laini, na kabla hujahesabu hadi thelathini amekwisha maliza. Daktari wangu alikuwa rika la mjukuu wangu. Aliniamkia kabla ya kipimo, akaniamkia tena baada ya kunawa mikono, na ile shikamoo ya pili ndiyo iliyonirudishia uso.

Kilichonisumbua zaidi ni kuchukuliwa vinyama vya tezi ili vipimwe saratani. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, walichukua vipande 12 kwa sindano, nikakojoa damu siku tatu, na mbegu zikawa na rangi ya kutu kwa wiki kadhaa, jambo ambalo lingenitia wazimu kama nisingeelezwa mapema kuwa ni la kawaida. Majibu yalikuwa alama 7 katika mizani ya ukali, yaani saratani ya ukali wa kati ambayo ilikuwa bado haijatoka nje ya tezi.

Nikapelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa ajili ya mionzi, siku tano kila wiki kwa wiki saba na ushei. Mionzi yenyewe haiumi. Kazi iko kwenye kibofu, maana kila siku unatakiwa uingie kwenye mashine kikiwa kimejaa, ili utumbo usukumwe mbali na pale panapopigwa. Nilikuwa nakaa kwa binti yangu Mbagala. Nikinywa maji kabla ya kupanda daladala, foleni ya njiani inanimaliza. Nikinywa baada ya kufika, zamu yangu inafika kibofu hakijajaa na ninarudishwa benchi. Kufikia wiki ya pili nilikuwa ninakijua kila choo cha kulipia kati ya Mbagala na Posta, na kila nilipokitumia ilinibidi nianze kunywa maji upya.

Nilichomwa pia sindano za kuzima homoni ya kiume, moja kila baada ya miezi mitatu, nikawa napandwa na joto la ghafla usiku hadi shuka linalowa. Mke wangu alicheka, akasema sasa nimejua alichopitia yeye. Nguvu za kiume zilipungua sana wakati huo, kisha zikarudi kiasi, si zote, na sitakudanganya kwamba zilirudi zote. Kipimo cha mwisho cha damu kilisoma 0.3.

Msafiri wa Mvita

Pole sana mwalimu, Mungu amrehemu kaka yako. Naomba niseme upande wa pili, maana naona tunaelekea kumtia mtu foleni bila kumweleza gharama yake. Ami yangu anaishi Marekani, na mwaka 2012 jopo la wataalamu wa kinga la huko lilishauri wanaume wasiokuwa na dalili wasipimwe hii PSA, kwa sababu wengi walikuwa wakikatwa tezi au kupigwa mionzi kwa saratani zinazotambaa polepole ambazo zisingewaua, wakabaki hawawezi kuzuia mkojo na ndoa zao zimepoa. Mzee Mandela alitibiwa ugonjwa huu mwaka 2001 na akafariki mwaka 2013 akiwa na miaka 95. Askofu Tutu aligunduliwa nao mwaka 1997 na akaishi hadi Desemba 2021. Mtu huweza kuzeeka nao, na wengine hufa kwa jambo jingine kabisa.

Tabibu wa Wilaya

Ndugu wa Mvita ana hoja, lakini ameisimulia nusu. Jopo hilohilo lilibadili ushauri wake mwaka 2018, likasema wanaume wa miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe baada ya kuzungumza na daktari. Tena katika tafiti kubwa zilizotumiwa kuupinga upimaji, wanaume weusi walikuwa wachache mno, ilhali sisi ndio tunaougua zaidi, mapema zaidi, na mara nyingi kwa aina iliyo kali zaidi. Na hao wazee wawili uliowataja waligunduliwa na wakatibiwa, kwa hiyo mfano wako unamsaidia mwalimu aende, haumzuii.

Sasa mwalimu, nikujibu lile la mkojo, kwa sababu ndilo lililowapoteza nyinyi na linawapoteza wengi. Mrija wa mkojo unapita katikati ya tezi. Sehemu ya ndani, inayouzunguka mrija, ndiyo hukua kwa uzee na kuubana, na ndiyo maana wazee huamka usiku. Huko kukua kwa kawaida si saratani. Saratani nyingi huanzia sehemu ya nje, upande wa nyuma, mbali na mrija, nazo huweza kukua kwa miaka bila kugusa mkojo. Kaka yako kulala usiku kucha hakukuwa na maana kwamba tezi yake ni nzima. Na ule upande wa nyuma ndio unaoegemea njia ya haja kubwa, ndiyo sababu kidole huweza kuugusa na kuhisi kama pana kigumu. Zipo saratani ambazo hazipandishi PSA, hivyo vipimo viwili vikienda pamoja ni bora kuliko kimoja.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi yenyewe, na wengi hutumia 4 kama mpaka wa kuanza kujiuliza maswali. Ikipanda, haimaanishi moja kwa moja kuwa una saratani, kwa sababu hupanda pia kwa tezi iliyokua, kwa maambukizi ya njia ya mkojo, kwa kuwekewa mpira wa mkojo, hata kwa kuendesha baiskeli mwendo mrefu au kukutana kimwili na mwenzi wako siku moja au mbili kabla. Ukiwa na maambukizi, tibiwa kwanza na usubiri wiki sita hivi. Aidha, anayetumia finasteraidi kwa ajili ya tezi iliyokua amweleze daktari, kwa kuwa dawa hiyo huishusha PSA kwa karibu nusu na majibu yanaweza kumdanganya. Kwa mtu ambaye baba au kaka yake aliugua, mazungumzo haya yalipaswa kuanza akiwa na miaka 40 hadi 45, kwa hiyo wewe na mdogo wako mmechelewa kidogo, ila hamjachelewa sana.

Jambo la mwisho kwa ndugu wa Mvita: siku hizi si kila anayekutwa na saratani hukatwa. Mwenye alama 6, yaani ukali mdogo, na PSA ndogo huweza kufuatiliwa tu kwa vipimo vya mara kwa mara, na akatibiwa pale ugonjwa unapoonesha kubadilika.

Msafiri wa Mvita

Hapo kwenye kufuatiliwa nimekuelewa, na nakubali.

Binti wa Mkulima

Shikamooni. Baba yangu alikunywa dawa ya kienyeji ya unga miaka miwili, ile inayouzwa kwenye chupa za maji zilizotumika, kwa sababu muuzaji alimwambia uvimbe utatoka kwa mkojo. Siku mkojo ulipoziba kabisa ndipo alipokubali kwenda hospitali, akawekewa mpira, na baadaye akaondolewa korodani zote mbili ili kuinyima saratani homoni inayoilisha. Maumivu ya mifupa yalipungua ndani ya siku chache na akaishi miaka mitatu zaidi. Ninachokuomba, mwalimu, uwaambie pia wanao wa kiume. Kaka zangu walijua siku ile baba alipowekewa mpira wa mkojo.

Fundi Seremala

Uliza bei ya PSA kabla hujatolewa damu, maana hutofautiana kutoka maabara moja hadi nyingine. Na rudia kipimo kwenye maabara ileile ili namba zilingane.

Mwalimu wa Kilosa

Wakuu, nimerudi baada ya miezi miwili, na ninaomba radhi kwa kukaa kimya. Nilikwenda. Damu yangu imesoma 1.8, na kidole, ambacho ni kweli kabisa hakikufika hesabu ya thelathini, hakikukuta kigumu chochote. Daktari bingwa wa njia ya mkojo amenipangia kurudi baada ya mwaka mmoja.

Habari nyingine ni ya mdogo wangu. Alikubali kunisindikiza kwa sharti kwamba yeye abaki nje na magazeti, lakini nesi alipomuuliza umri wake na kusikia kuwa tumemzika kaka yetu kwa ugonjwa huo, alimkalisha na kumtoa damu akiwa bado anabishana naye. Imesoma 9.4. Wamempima tena baada ya wiki sita kwenye maabara ileile, ikasoma 9.1, na sasa amepangiwa kuchukuliwa vinyama Jumanne ijayo. Tangu siku hiyo hajafanya mzaha wowote. Jana usiku alinipigia simu saa sita, akanyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama kaka aliwahi kusema inaumaje.

Mzee wa Kibosho, shikamoo tena. Naomba unisaidie: siku ile ya vinyama aende na nini, na ajiandae vipi?

Mzee wa Kibosho

Marahaba mwalimu. Kama anatumia aspirini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, awaeleze leo, asisubiri Jumanne, kwa sababu huenda wakamwambia aisimamishe kwanza. Dawa ya kuzuia maambukizi atakayopewa aimalize yote. Avae suruali pana ya rangi nyeusi, abebe kitambaa au pamba kwa ajili ya damu kidogo itakayotoka, anywe maji mengi baadaye, na akipata homa au baridi ya kutetemeka arudi hospitali usiku huohuo bila kusubiri kukuche. Asirudi nyumbani peke yake kwa bodaboda. Nenda naye wewe, na safari hii magazeti uyashike wewe.