Vout ya sakiti ya RL: hesabu inanipa 6.14 V, mita inasoma 7.4 V

koili_kumi:
Wakuu habari, naombeni msaada hapa. Nina filta ndogo ya RL, rezista ya ohm 100 nimeiunga mfululizo na koili ya 10 mH, naingiza AC ya 10 V RMS kwenye 1 kHz, Vout (volti inayotoka) naichukua kwenye rezista. Nikatumia ile fomula ya kigawa volti tunayoijua wote, Vout = Vin × R / (R + XL), Vin ni volti inayoingia na XL ni ukinzani wa koili kwa AC, 2πfL yaani kama ohm 62.8, kwa hiyo 10 × 100 / 162.8 = 6.14 V. Napima napata 7.4 V. Halafu kinachonichanganya zaidi, kwenye koili napata 4.9 V, ukijumlisha hizo mbili unapata 12.3 V wakati mimi nimeingiza 10 tu! Hizo 2.3 zimetoka wapi? Mita ni nzima na Vin nimeipima sakiti ikiwa imeshaungwa, ni 10 kweli.

mkondo_mmoja:
Hakuna volti iliyozaliwa hapo mkuu. Mkondo unaopita kwenye rezista ndio huohuo unaopita kwenye koili, ila volti ya rezista inapanda na kushuka pamoja na mkondo, ya koili inautangulia mkondo kwa nyuzi 90, maana yake wakati ya koili iko kileleni ya rezista iko sifuri. Ukizichukua kwa sekunde ileile zinajumlishwa vizuri kabisa na zinatoa Vin ya sekunde hiyo, sema mita haikuonyeshi sekunde kwa sekunde, inakupa ukubwa tu, ndo maana jumla inazidi.

Kwa hiyo R na XL usizijumlishe kama rezista mbili, zijumlishe kama pande mbili za pembetatu yenye pembe ya nyuzi 90, Pythagoras yuleyule wa darasani (Z ni ukinzani wote wa sakiti kwa AC):

Z = √(R² + XL²) = √(10000 + 3948) = ohm 118.1
Vout = 10 × 100 / 118.1 = 8.47 V

Kigawa volti ni kilekile, kilichobadilika ni hapo chini ya mstari tu.

koili_kumi:
Aisee asante sana, hapo kwenye jumla kuzidi nimeelewa. Ila sasa 8.47 nayo sio 7.4, na tofauti ya volti nzima siwezi kusema ni mita.

henri_ndogo:
Namba zako zenyewe zinakujibu. Koili ingekuwa safi, mraba wa volti ya rezista ukijumlisha na mraba wa volti ya koili ungepata 100, yaani 10². Zako ni 54.8 na 24, jumla kama 79. Maana yake volti ya koili haijatangulia nyuzi 90 kamili, na sababu ni kwamba koili ni waya mrefu na waya una ukinzani wake. Chomoa koili kwenye sakiti, pima ohm zake halafu urudi.

koili_kumi:
Nimepima, ohm 20!! Sikutegemea iwe kubwa hivyo.

henri_ndogo:
Basi ndo hiyo. Waya wa koili uhesabu kama rezista iliyofuatana na ile yako, huko chini inakuwa 120 badala ya 100, ila juu inabaki 100 kwa sababu unapimia kwenye rezista yako tu:

Z = √(120² + 62.8²) = 135.4
Vout = 10 × 100 / 135.4 = 7.38 V

Na koili yenyewe ni √(20² + 62.8²) = 65.9, zidisha na mkondo wa 0.0738 A unapata 4.87 V. Zote mbili zimekaa na mita yako. Hata ukiingiza DC, ambapo XL ni sifuri, hutapata 10 yote, utapata 8.33.

koili_kumi:
Safi sana! La mwisho, hiyo Vout nataka ilishe hatua inayofuata ambayo ukinzani wake wa kuingilia ni ohm 100 pia. Itabaki 7.38?

mkondo_mmoja:
Haibaki. Hizo 100 mbili ziko sambamba kwa hiyo zinakuwa 50, weka 50 juu, na chini √(70² + 62.8²) ambayo ni 94, Vout inashuka mpaka 5.3 V. Tena na frikwensi ya kukatia (ile ambayo juu yake filta inaanza kupunguza volti sana) inashuka, maana ni R / 2πL na hiyo R ni ukinzani wote wa njia, ilikuwa 120 sasa ni 70, kwa hiyo kutoka kama 1.9 kHz unakuja kwenye 1.1 kHz. Kama hutaki filta iharibike hivyo, hatua inayofuata iwe na ukinzani mkubwa, angalau mara kumi ya rezista yako, au weka bafa ya op-amp katikati, yaani saketi ya kipaza sauti kidogo inayopokea volti bila kuvuta mkondo mwingi na kuipeleka mbele ikiwa ileile.