Mrejesho: roboti ya kukata majani, nimechukua ya waya

Wadau habari zenu, mwezi wa nne niliuliza nichukue roboti ipi ya kukata majani, ya waya (waya unalazwa kuzunguka bustani, roboti haiuvuki) au ya setilaiti (inajua iko wapi kwa mawimbi ya setilaiti), bustani yetu hapa Köln, Ujerumani, ni kama mita za mraba 400 na ina mitufaha miwili mikubwa. Nimechukua ya waya. Yule aliyesema miti inaziba mawimbi ya setilaiti alisema kweli kabisa, jirani anayo hiyo na ikifika chini ya mti inasimama tu, haijui iko wapi. Kulaza waya kumekula jumamosi nzima, sehemu moja niliuweka karibu mno na uzio ikabidi ning'oe vigingi nirudie. Sasa inakata kidogo kidogo kila siku, vipande vinabaki chini vinakuwa mbolea, reki sijaishika tena. Usiku siiwashi kabisa!! Kalunguyeye wanatoka giza likiingia na wakishtuka wanajikunja badala ya kukimbia, visu vinawaumiza vibaya sana, na hapa Köln tangu 2024 kuiwasha usiku ni marufuku. Mke wangu alilisisitiza hilo kuliko hata bei. Asanteni sana ndugu zangu, mmeniokolea hela.