Mrejesho: ugali baada ya kupunguzwa tumbo

Wapendwa, niliwauliza kama mtu aliyepunguzwa tumbo kwa upasuaji ataweza tena kula ugali na wenzake. Anaweza, ila matonge ni mawili matatu ya kitoto, na yanatafunwa mpaka yalainike kabisa. Nyama choma imenishinda. Mayai, ndengu na kuku wa kuchemsha vinapita vizuri. Aliyenishauri nianze na protini kabla ya wanga, ubarikiwe. Mtaalamu wa lishe anataka gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na kwa tumbo hili hiyo ni kazi ya kutwa.

Maji siyanywi na chakula. Nangoja nusu saa, kisha funda kwa funda. Chai ya sukari nyingi ilinitoa jasho, moyo ukanienda mbio, nikakimbilia choo. Nywele zinakatika, lakini naambiwa huota tena. Vitamini ni za maisha.

Wagumu ni shangazi zangu wa Kayole! Sahani ikibaki, wanadhani nimedharau mapishi yao. Siku hizi najipakulia mwenyewe, kwenye kisosi, na kinachobaki sufuriani nafungiwa nibebe.