Naomba ushauri: nitajuaje wenyeji wanathamini nini kijijini kwao?

Wakuu, salaam. Nasomea mipango miji hapa China. Utafiti wangu ni kuhusu wakazi wa Hongcun, jimbo la Anhui, kijiji ambacho UNESCO ilikiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 pamoja na kijiji cha Xidi. Wageni hufuata kuta nyeupe na bwawa la nusu mwezi. Lakini mama anayefua nguo kwenye mfereji unaopita mlangoni, au mzee anayeutazama ukumbi wa ukoo wake, naamini anaona kingine kabisa, na hicho ndicho ninachokitafuta. Dodoso la alama 1 hadi 5 halitoshi. Mliowahi kufanya utafiti vijijini, niwaonyeshe wakazi picha au nitembee nao wanionyeshe wenyewe? Na wenye nyumba za wageni niwatenganishe na wakulima?