Embarcadero wanaitangaza Delphi vya kutosha?

Swali
Wakuu, Delphi (zana na lugha ya kuandikia programu, sasa ya kampuni ya Embarcadero) ipo tangu 1995 na bado inatoa faili moja la exe linalokwenda bila kusakinisha kitu kingine. Mbona vyuoni haisikiki? Embarcadero wanaitangaza kweli?

Jibu la 1
Hapana. Community Edition, toleo la bure la Delphi, ilikuja 2018, watu wameshahamia lugha ya C# zamani. Na masharti yanabana: mapato yakivuka dola 5,000 kwa mwaka, lazima ununue leseni. Mwanafunzi atakimbilia Python tu.

Jibu la 2
Mkuu, matangazo siyo tatizo pekee. Miradi mingi ilikwama kwenye Delphi 2009, string (aina ya data ya maandishi) ilipogeuka Unicode, mfumo wa herufi za lugha zote, na Char (herufi moja) ikawa baiti 2. Msimbo wa zamani kama Move(S[1], Buf, Length(S)), unaonakili maandishi S kwenda kwenye kumbukumbu Buf, sasa unanakili nusu ya maandishi, kwa kuwa Move huhesabu baiti na Length huhesabu herufi, na kompaila haikuzuii. Zidisha Length(S) kwa SizeOf(Char), hakikisha Buf ina nafasi. Data ikiwa baiti tupu, tumia TBytes (safu ya baiti) badala ya string. Miongozo ya hivi ingepewa kipaumbele, wateja wengi wa zamani wangebaki.

Jibu la 3
Anayetaka kujifunza bila kununua leseni aanze na Lazarus, zana ya bure inayofanana na Delphi. Menyu ya Tools ina kigeuzi cha miradi ya Delphi, ila komponenti (vipande vya programu vilivyo tayari) za kununua utazibadilisha kwa mkono.